Pikipiki ya Mkataba: Injini Ikifa, Hasara ni ya Nani?

Familia nyingi za Kiislamu katika jiji letu zimefikia kuwa na pikipiki, au kuitamani, kwa njia moja. Mama amelipwa mchezo, au mzee amepata kiinua mgongo, au yatima wamegawiwa urithi mdogo usiotosha kununua kiwanja. Watu wa nyumbani wanakaa, wanashauriana, na mwisho linatolewa neno: tununue pikipiki, tumpe kijana wa mtaani kwa mkataba, ituletee hesabu kila jioni. Kisha linaulizwa swali la pili, nalo ndilo linalowapeleka watu Kariakoo: tununue ipi?

Swali hilo ukiliuliza katika kijiwe chochote, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Gerezani, hutapata jibu moja. Wapo wa Boksa na wapo wa TVS, nao wanabishana kama watu wa Simba na Yanga wanavyobishana katika mitaa hiyo hiyo. Huyu atakuapia kwamba Boksa haifi. Yule atakwambia TVS ndiyo yenye kubeba mzigo na kupanda mlima. Atatokea na mtu mzima mmoja aliyewahi kuendesha Honda ya zamani, awasikilize wote kwa huruma, kana kwamba wanabishania vitu vya kuchezea.

Mapenzi haya si ya bure, na sisi hatuyabezi. Nchini kwetu jina la chombo likishapendwa huacha kuwa la kampuni. Bajaj ni kampuni ya India inayotengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu, lakini leo kila chombo cha magurudumu matatu kinachopakia abiria tunakiita bajaji, hata kikiwa kimetoka katika kiwanda cha mshindani wake. Toyo lilikuwa jina la pikipiki za Kichina, nalo sehemu nyingi za nchi likageuka kuwa jina la pikipiki yoyote ya abiria. Ajabu ni kwamba mwenye Boxer, iliyotengenezwa na Bajaj yenyewe, ukimwambia ana bajaji atakuona hujui kitu.

Tunalouliza ni hili: je, kupendwa kwa chombo ni ushahidi kwamba kinadumu? Mwaka 2015 jarida la Consumer Reports la Marekani, ambalo kazi yake ni kuwapimia wanunuzi ubora wa bidhaa, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake kwa wamiliki wa pikipiki. Lilikadiria kwamba hadi kufika mwaka wa 4, pikipiki za Yamaha zilizopata hitilafu kubwa zilikuwa kiasi cha asilimia 11, Suzuki na Honda asilimia 12, na Kawasaki asilimia 15. Harley-Davidson zilifika asilimia 26, na BMW asilimia 40. Kwa hesabu hiyo mtu angetegemea Wajapani ndio wapendwe zaidi. Lakini wamiliki walipoulizwa kama wangenunua tena chombo kile kile, waliotangulia walikuwa wa Victory, pikipiki ya Kimarekani, kwa asilimia 80, wakafuatiwa na wa Harley-Davidson kwa asilimia 72. Honda ilikuja nyuma yao, na Yamaha, iliyoharibika kidogo kuliko zote, haikuwamo katika tatu za mwanzo.

Kisa hiki kina mwisho wake. Januari 2017 kampuni ya Polaris, iliyokuwa ikitengeneza Victory, ilitangaza kuifunga. Wale waliokuwa waaminifu kuliko wote wakabaki na chombo kisicho na kiwanda, wakiwa na ahadi ya vipuri na huduma kwa miaka 10. Wao walikuwa waaminifu kwa kampuni. Kampuni ilikuwa na hesabu zake.

Wapo wapenzi wengine wa aina hiyo, na hawa tunawaona kwa macho yetu. Mara kwa mara hupita hapa jijini wageni waliopanda mapikipiki makubwa ya safari ndefu, masanduku ya bati ubavuni, vumbi la nchi kadhaa mgongoni, wakielekea Cape Town au Cairo. Wengi wako juu ya BMW za aina ya GS. Aina hiyo ilianza mwaka 1980, na mwaka 1981 ikashinda mbio za Paris hadi Dakar, na tangu hapo jina lake likawa ndilo jina la safari. Mwaka 2007 waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walizipanda kutoka Scotland hadi Cape Town wakipitia Tanzania, na filamu ya safari yao ikawaongezea wapenzi. Honda nayo ilitoa pikipiki ya jamii hiyo mwaka 1988 ikaiita Africa Twin, yaani pacha wa Afrika, ingawa Mwafrika wa kawaida hajawahi kuipanda.

Mwenye GS ya karibuni, yenye uzito wa karibu kilo 250, anaipenda kwa sababu anazozijua: inamstahimili, inampeleka mbali, na imekuwa sehemu ya umri wake. Ikimkatikia klachi Tunduma, atalala hoteli, ataagiza kipuri kwa ndege, atasubiri, na tukio lile litaingia katika hadithi za safari yake. Hitilafu kwake ni usumbufu, na pengine hata ni sehemu ya raha. Ndiyo maana asilimia 40 haikumfukuza.

Mama wa Buguruni aliyetia urithi wa wanawe katika Boksa ya mitumba hana nafasi hiyo. Pikipiki ikilala siku 3, hesabu za siku 3 zimekwenda, na pengine ada ya madrasa imekwenda nazo. Kwake, chombo kinachoaminika ni kile ambacho kikiharibika asubuhi kitapona kabla ya Adhuhuri. Na hapo ndipo tunapoielewa Kariakoo.

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao hawakuwa na chombo wala mnyama, mizigo ilipita juu ya vichwa vyao. Leo mahali pale pale ndipo nchi nzima inapofuata vipuri vya vyombo vya kubebea mizigo na watu. Ukiingia Gerezani na mitaa inayoizunguka utakuta duka la pistoni na ringi, jirani yake duka la cheni na sproketi, mbele kidogo beringi, gasketi, breki shu, kabureta, plagi na taa. Nje ya maduka, juu ya boksi lililolowa oili, fundi kijana anafungua injini ya Boksa bila kutazama mikono yake. Ameifungua mara nyingi mno. Hiyo ndiyo siri kubwa ya kutokufa kwa Boksa. Inakufa kama nyingine, ila waganga wake wako kila kona, na dawa yake inauzwa mpaka vijijini.

Tena ujuzi huo una historia ndefu kuliko Boksa yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitengeneza pikipiki ya CG125 baada ya kugundua jambo ambalo fundi yeyote wa Gerezani angewaambia bure: kwamba katika nchi zetu mwenye pikipiki huipakia kupita kiasi, na oili habadilishi mpaka injini ilalamike. Waliacha mtindo wa kuendesha valvu kwa cheni ndefu iliyotaka kuangaliwa mara kwa mara, wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini. Watu wa mashindano waliudharau mtindo ule. Lakini injini ilistahimili uzembe, na viwanda vya China vikaiiga kwa mamilioni. Pikipiki nyingi za bei nafuu zilizoingia nchini kutoka China zilikuwa na injini za ukoo huo, na ndizo zilizowasomesha mafundi wetu. Viwanda vya India navyo vilijifunza kwa Wajapani, maana Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, na TVS ilishirikiana na Suzuki mpaka walipoachana mwaka 2001. Kwa hiyo anayebishana kijiweni kati ya Mhindi na Mchina, kwa sehemu kubwa anabishana kuhusu wanafunzi wa walimu walewale.

Ushauri wetu kwa familia, basi, ni kwamba iache kuuliza jina pekee. Iulize pia: kipuri chake kinapatikana mtaani kwetu, au mpaka kiagizwe? Mafundi wangapi karibu na nyumbani wanaijua? Pikipiki ya jina geni ikiuzwa kwa laki kadhaa pungufu inavutia, lakini upungufu ule hurudi kudaiwa siku ya kwanza ya kutafuta silinda hedi.

Kupatikana kwa vipuri kuna ubaya wake pia. Pale kinapopatikana kipuri halisi ndipo kinapopatikana na bandia chake, ndani ya boksi lenye rangi zilezile na maandishi yaleyale isipokuwa herufi moja. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia, na bado zipo. Wauzaji wengi waaminifu humwambia mteja waziwazi: hiki ni orijino, hiki ni cha kawaida, hiki sikushauri. Huo ni uuzaji wa halali, kwa kuwa mteja amechagua akijua. Uovu uko pale cha kawaida kinapouzwa kwa bei ya orijino. Breki shu bandia haimdhulumu mnunuzi peke yake. Asubuhi wazazi wangapi kati yetu wanawapakia watoto wao bodaboda kwenda shule, tena kwa mishikaki, wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, wakiitegemea breki ambayo hawajui ilinunuliwa wapi?

Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini ilhali juu pamekauka. Mwenye nafaka alijitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Tunakitaja kisa hiki hasa kwa ajili ya wanaouza pikipiki zilizotumika. Kuna waya mdogo unaotoka gurudumu la mbele kwenda kwenye saa ya kuhesabia kilomita. Katika pikipiki nyingi za abiria waya huo umekatika, au umekatwa, tangu miezi ya mwanzo, na saa imesimama. Pikipiki iliyotembea mwendo wa kuizunguka Afrika inauzwa ikionyesha kilomita 9,000. Nyingine hutiwa oili nzito siku ya kuuza ili injini inyamaze na moshi wa bluu, ambao ni dalili ya ringi kuchoka, usionekane. Muuzaji anaposema kwamba mnunuzi alipewa nafasi ya kuikagua, ajiulize kama yule mwenye nafaka naye hakuwa na neno hilo hilo.

Tuje sasa kwenye mkataba, maana hapo ndipo uimara wa injini unapogeuka kuwa suala la haki.

Yule mgeni wa GS ni mmiliki na ni dereva. Kwetu hapa mara nyingi hao ni watu wawili. Mwenye kadi yuko nyumbani, anayesikia injini ikigonga ni mwingine. Dereva wa hesabu tupu hana sababu kubwa ya kuionea huruma. Anaitumia mchana, usiku anampa deiwaka, na oili inasubiri. Mkataba ulibuniwa kutibu jambo hili: dereva alipe kila siku kwa muda fulani, kisha pikipiki iwe yake. Na kweli unatibu. Kijana aliye kwenye mkataba utamkuta Ijumaa, kabla ya kwenda Msikiti wa Mtoro au wa Idrisa, anaiosha pikipiki kama anavyojiosha mwenyewe.

Tuchukue mfano. Pikipiki imenunuliwa kwa Sh. 3,000,000. Dereva atalipa Sh. 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 14. Jumla ni Sh. 3,640,000. Wanazuoni walio wengi hawaoni ubaya katika bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, ikiwa bei hiyo imekubaliwa mwanzoni na haiongezeki kwa kuchelewa. Kuongeza faini inayoingia mfukoni mwa mdai kwa kila siku ya kuchelewa, hiyo ni riba, na kuiita jina jingine hakuibadilishi.

Sasa injini inakufa mwezi wa 11. Pistoni imekwama, bloku imechubuka. Hasara ni ya nani?

Katika mikataba mingi inayoandikwa mitaani jibu ni jepesi: matengenezo yote ni ya dereva. Soma kifungu kinachofuata: dereva akishindwa kuleta hesabu kwa siku kadhaa, mwenye mali atachukua pikipiki yake na dereva hatakuwa na dai lolote. Yaani injini ikifa, chombo ni cha dereva. Hesabu ikikosekana, chombo ni cha tajiri. Miezi 10 ya malipo, Sh. 2,600,000, inageuka kodi kwa usiku mmoja.

Sheria ya Kiislamu haiukubali mkataba wa sura mbili namna hii. Kama ni mauzo kwa mkopo, pikipiki imekuwa ya dereva tangu siku ya kwanza. Matengenezo ni yake kweli, na anachodaiwa ni deni. Mdai anaweza kushika chombo kama rehani, lakini kikiuzwa atachukua kilichobaki katika deni lake, na kinachozidi ni cha dereva. Kama ni ijara, yaani ukodishaji, pikipiki ni ya tajiri, na uharibifu mkubwa usiotokana na uzembe wa mkodi ni juu ya tajiri. Dereva atabeba mafuta, oili na usafi wa kila siku. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililijadili suala la ijara inayoishia katika umiliki mjini Riyadh mwaka 2000, likakataza mikataba miwili inayopingana kuwekwa juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na likasisitiza kwamba katika ijara dhamana ya chombo hubaki kwa mwenye chombo. Asiyeweza kuupanga mwenyewe mkataba wake amwendee sheikh anayeyajua mambo ya biashara, au atazame namna benki za Kiislamu zinavyouza kwa murabaha.

Tunajua watakavyosema wenye pikipiki, na baadhi yao ni wajane wasio na kingine. Watasema dereva ataua injini makusudi kisha alete bili. Hofu hiyo ni ya haki. Inatibika kwa kukubaliana mapema fundi mmoja wa kuamua kama injini imekufa kwa uzembe au kwa uchakavu, na kwa kuandika tarehe za kubadilisha oili. Fundi mwaminifu akifungua injini ataujua ukweli kwa dakika chache, kwani oili iliyogeuka tope haifichiki.

Na wenye pikipiki wamkumbuke Jabir bin Abdillahi (r.a.). Alikuwa kijana, baba yake ameuawa Uhud akamwachia madada wa kulea na madeni ya kulipa. Ngamia wake alichoka safarini akawa anabaki nyuma ya watu. Mtume (s.a.w.) alimshtua ngamia yule na kumuombea dua, naye akaenda mbio. Kisha akataka kumnunua. Jabir akakubali kwa sharti kwamba ampande mpaka Madina, na sharti lake likapokewa. Walipofika, Mtume (s.a.w.) alimlipa thamani yote, na ngamia akamrudishia. Hatumdai tajiri yeyote wa Kariakoo afike hapo. Lakini kijana mwenye madada na madeni, juu ya chombo kilichochoka, tunamwona kila siku kwenye foleni ya Msimbazi.

Limebaki jambo la maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na bado mikataba mingi ya pikipiki ni ya mdomo, au ni karatasi moja inayobaki kwa tajiri. Kadi inasoma jina la tajiri mpaka siku ya mwisho. Tajiri akifariki ukiwa umebaki mwezi mmoja, warithi watafungua kabati, watakuta kadi ya pikipiki ya marehemu, na wataihesabu katika mirathi. Dereva atakuja na daftari dogo lililoloa jasho, lenye tarehe na alama za vema alizoweka mwenyewe.

Nakala ziwe mbili, moja kwa kila upande, zenye saini za mashahidi wawili. Ziseme wazi kama ni mauzo au ni ijara, bei yote, kilicholipwa, na nani anabeba injini. Kila malipo yasainiwe na anayepokea. Na mwenye pikipiki amjulishe mwanawe mkubwa, leo, kwamba kadi iliyo kabatini ina mwenziwe nje.